Lita Mbili na Nusu

4 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na hayo maghala ya baridi unayoyatunza hayajakugandisha masikio. Sisi hatujambo. Wifi yako anakusalimu, anasema lile shuka ulilomtumia amelifanya pazia, usikasirike. Mwanao mkubwa ameng'oka jino la mbele na sasa anapiga mluzi kila akisema neno lenye "s". Mimi na cherehani yangu bado tuko pale pale kibarazani kwa muuza vioo, sare za shule zimenifika shingoni.

Mama hajambo kiasi, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika.

Alhamisi iliyopita nilimpeleka kliniki ya moyo na Kobe, lile gari la marehemu Baba. Tulitoka vizuri. AC inapuliza, Mama kajifunika mtandio kwa baridi, ananitania kwamba naendesha kama nimebeba mayai. Tulipoingia kwenye foleni ya mjini, hewa ikawa vuguvugu, halafu ya moto kabisa. Mshale wa joto la injini ukapanda mpaka kwenye nyekundu. Gari likazima katikati ya barabara na likakataa kuwaka dakika arobaini. Mama alilegea, Dada. Nililowesha mtandio kwa maji ya kunywa nikamwekea kifuani. Daktari alinisema mbele ya watu kama mtoto wa shule. Tarehe 20 Mei ana kipimo kikubwa, na daktari anataka afike akiwa ametulia, la sivyo hatampima.

Nimemwambia tukodi gari lingine. Hataki. Unamjua, gari lolote lisilo Kobe linamgeuza tumbo.

AC ile uliifunga wewe kwa mikono yako. Tuambie la kufanya.

Mdogo wako

16 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, masikio yapo yote mawili. Mwambie wifi shuka ni lake, akitaka alifanye bendera. Mpe Mama pole yangu ya kwanza, nyingine nitampa mwenyewe nikija likizo Agosti. Hapa fundi wa mitambo ni mimi peke yangu. Nikitoka siku mbili, tani mia moja na themanini za samaki zitaoza.

Nimekupigia simu mara tatu. Kila nikifika kwenye neno "injini", unasema husikii, mtandao mbaya. Basi naandika, karatasi haina mtandao.

Kumbuka kilichomo ndani ya gari lile. Injini ya Baba ilikuwa ya cc 1,200, na Kobe hakuzaliwa na AC. Kompresa ya AC hula nguvu. Ndiyo maana niliitoa injini ya Baba nikaifunika turubai stoo, nikaweka ya 1,800 niliyoitoa kwenye gari lililogongwa nyuma. Nilitumia Jumapili arobaini na moja. Mlikuwa mnakwenda kula kwa mjomba, mimi niko chini ya gari, oili inanidondokea jichoni. Sikusomea kazi hii chuo chochote, niliisoma kwa kuchoma vidole. Injini ile haiwezi kushindwa na foleni ya mjini. Kwa hiyo kuna kitu kimeziba au kimelegea, na tutakipata.

Fanya haya, na unijibu kwa namba, hadithi niwekee Agosti. Kwanza, AC ikiwaka na gari limesimama, je, feni ya mbele inazunguka? Pili, ile rejeta nyembamba ya AC iliyo mbele ya rejeta kubwa, ioshe kwa maji yasiyo na nguvu, ukianzia ndani kuelekea nje. Tatu, muite fundi mwenye geji za gesi, uandike ya chini inasoma ngapi na ya juu ngapi. Nne, injini ikiwa imepoa, toa maji yote, ujaze upya kwa chombo unachojua ujazo wake, uniambie yameingia lita ngapi.

Hilo la nne usilidharau.

Dada

1 Machi

Dada yangu,

Shikamoo tena. Barua yako ilifika Jumatatu, nikamsomea Mama yote isipokuwa ile ya samaki kuoza, maana alikuwa anakula. Amecheka habari ya bendera. Wifi yako hakucheka.

Namba zako hizi hapa. Feni inazunguka, nimeiona kwa macho yangu. Rejeta ya AC nimeiosha, limetoka tope la kutosha kufyatua tofali. Fundi wa AC alikuja na geji zake: ya chini 45, ya juu 310. Alikuna kichwa, akaongeza gesi kidogo, haikusaidia. Maji nilijaza kwa jagi la lita moja la wifi yako. Yameingia majagi matano kamili, la sita likafurika.

Kitu kimoja zaidi. Gari likiwa limesimama, ukiwasha AC injini inatetemeka kama mtu mwenye homa, halafu inazima. Ukizima AC inatulia.

Baba mkwe anakusalimu sana. Siku hizi ananiita mwanangu.

Mdogo wako

12 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Salamu za baba mkwe wako nimezipokea, ingawa sijui nimezipataje. Miaka sita amekuita mshona vifungo. Mshukuru Mungu.

Geji ya juu ikisoma 310, maana yake rejeta ya mbele haipati upepo wa kutosha. Na fundi aliyeongeza gesi hapo alizidisha ugonjwa, asirudi. Injini kutetemeka, maana yake haina nguvu ya kuvuta kompresa. Mpaka hapo nakuelewa.

Maji ndiyo siyaelewi. Siku nilipomaliza kazi ile nilijaza na kutoa mara tatu, kwa jagi hilo hilo la wifi. Mara zote tatu yaliingia lita saba na nusu. Niliandika kwa rangi nyeupe chini ya boneti, 7.5, ukifungua utaiona. Sasa unaniambia tano. Lita mbili na nusu zimekwenda wapi? Injini haipungui tumbo kwa kuzeeka.

Kuna sababu mbili za heri. Huenda hewa imenasa ndani. Nyanyua pua ya gari juu ya mawe, acha mfuniko wa rejeta wazi, jaza tena taratibu. Au kuna bomba limeziba. Sababu ya tatu siiandiki.

Nataka na mambo mawili mengine. Vua mkanda wa kompresa, uuzungushie utepe wako wa kushonea, unipe urefu. Halafu tazama kijiti cha kupimia oili, kiko upande wa dereva au wa abiria?

Mama analala vizuri? Anatumia mito mingapi? Akifika mitatu, ujue moyo unazidiwa, niambie siku hiyo hiyo.

Dada

27 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Mama anatumia mito miwili. Usiku wa Jumamosi alitumia mitatu, lakini alisema ni shingo. Watoto wamefunga shule. Muuza vioo amepaka duka rangi ya kijani kibichi, sasa kila nguo ninayoshona inaonekana ya mgonjwa.

Nimenyanyua pua ya gari kama ulivyosema. Maji ni yale yale, majagi matano. Mkanda nimeupima mara mbili, sentimita 89. Fundi wa jirani naye alipita, akaifungua kabureta akaisafisha, akasema ndiyo iliyokuwa inasonga. Tulipojaribu, gari lilikaa dakika kumi na mbili badala ya nane kabla ya kuzima, kwa hiyo kuna nafuu.

Labda ungetuambia tu tutoe AC yote, tumpepee Mama kwa kitambaa, kuliko kukusumbua na kazi zako.

Mdogo wako

8 Aprili

Salamu kwa Mama, kwa wifi na kwa watoto. Kwako leo sina.

Injini niliyoiacha kwenye gari lile haina kabureta, wala haijawahi kuwa nayo. Mafuta yake yanapulizwa na umeme, nilikuonyesha mwenyewe ukasema inafanana na utumbo. Injini yenye kabureta pale nyumbani ni moja tu, ya Baba, iliyokuwa chini ya turubai.

Ningejua hata bila kabureta. Mkanda wangu ulikuwa sentimita 102 na nusu. Wewe umepima 89, na wewe kwa kupima hukosei, ungekosea ungekuwa umeshakosa wateja. Maji ya injini ya Baba ni lita tano. Nilikuuliza kijiti cha oili kiko upande gani, ukanijibu habari za rangi ya duka. Kwangu kilikuwa upande wa abiria. Kwa Baba ni upande wa dereva. Ulipokitazama ukajua nimekaribia.

Uliniambia feni inazunguka. Kweli inazunguka, ila ni ile ya Baba, inayovutwa na mkanda. Gari likisimama kwenye foleni na yenyewe inalegea, na hapo ndipo Mama alipolegea. Kwenye barua hukunidanganya hata neno moja, na hilo ndilo linalonichoma. Ulikaa ukachagua maneno ya kweli, moja moja, kama mtu anayechambua mchele.

Miezi miwili umeniacha nachunguza ugonjwa wa injini ambayo haipo. Wakati mimi napiga hesabu kwenye makaratasi ya samaki, wewe unajua. Na katikati yetu yuko Mama, na mito mitatu.

Iko wapi?

Halafu jibu na hili. Stoo ina kufuli moja na ufunguo mmoja, na ufunguo huo Mama anao shingoni, kwenye kamba moja na ule wa sanduku lake. Uliuvua akiwa amelala? Mtu mgonjwa, mama yako, ukampapasa shingoni akiwa usingizini?

Sitii sahihi. Mwandiko wangu unaujua.

22 Aprili

Dada,

Shikamoo, hata kama hutaitikia.

Iko kwenye pikapu ya baba mkwe, ile ya kubebea maziwa.

Ilikuwa Oktoba, miezi miwili baada ya wewe kuondoka. Pikapu ilikufa injini na maziwa yakawa yanamwagwa. Tulikuwa tumekaa kwake sebuleni, mashemeji wote wanne, kila mmoja anasema atakachofanya. Yule wa benki atafanya hivi, yule wa mbao atafanya vile. Ilipofika zamu yangu baba mkwe hakunigeuzia hata shingo. Akasema, "Huyu tumwachie, yeye atatushonea turubai." Wakacheka, na mke wangu alikuwepo. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Injini ninayo nyumbani, nimeiunda mwenyewe."

Nimeiunda mwenyewe. Ndivyo nilivyosema.

Baada ya hapo sikupata mlango wa kurudi nyuma. Mafundi wake waliifanya kazi siku moja. Feni yako ya umeme hawakujua kuiunga, iko stoo. Nilidhani injini ya Baba itatosha, mimi najua nini kuhusu injini? Novemba na Desemba ilitosha, kulikuwa na mawingu.

Usiniambie nikaitoe. Maziwa yale ndiyo yanayolisha nyumba ya wazazi wa mke wangu. Na usiniambie nikaseme kwa baba mkwe. Mengine yote nitafanya. Hilo siwezi.

Mama anakusalimu. Mito ni mitatu sasa, kila siku.

Mdogo wako

2 Mei

Nimeipata barua yako. Nimeisoma mara nne nikitafuta habari ya ufunguo. Haipo. Basi nimeelewa nilivyoelewa.

Injini siitaki. Injini hutengenezwa nyingine. Ila usidhani jambo limeisha kwa sababu sasa tuna mito mitatu. "Nimeiunda mwenyewe." Nilikuwa nimekaa juu ya kreti kwenye ghala namba mbili niliposoma hapo, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, nikahisi joto. Mtu akiiba kitu changu, nabaki mimi niliyekiunda. Wewe umeniondolea na hilo. Namba iliyochongwa ubavuni mwa injini ile ninayo kwenye daftari. Siku utakayotaka kuwa ndugu yangu tena, nenda ukaisome mbele ya baba mkwe wako, useme ni ya nani. Hutaki, kaa hivyo hivyo.

Sasa habari ya Mama, tarehe 20. Hii ifuate kama unavyofuata mstari wa chaki.

Kompresa ile ni kubwa mno kwa injini ya Baba, lakini tutaibembeleza. Feni ya umeme irudishe mbele ya rejeta, fundi aiunge na swichi yake, na iwashwe safari nzima. Gesi ipunguzwe mpaka geji ya juu isome 230. Ukiwasha AC gari likiwa limesimama, injini izunguke 950 kwa dakika, fundi atakaza skrubu ya kabureta. Ile kabureta.

Gari lilale kivulini. Washa AC dakika kumi na tano kabla Mama hajaingia. Mtoke saa kumi na mbili kamili asubuhi. Ni kilomita 118, kwa mwendo wa 60 mtafika saa mbili na robo ukiwemo mlima, kabla foleni haijakaza. Mlima uko kilomita ya 71. Ukibakiza dakika mbili kuufikia, zima AC. Usiwashe tena mpaka mmefika juu na mshale umeshuka chini ya 90. Ukifika 100 mahali popote, simama, usijifanye shujaa.

Mkifika, niandikie namba tatu: joto la juu kabisa la injini njiani, joto la hewa inayompuliza Mama mnapoingia hospitali, na mapigo ya moyo wake watakayopima pale mlangoni. Maneno sitaki. Katika mambo yako yote, namba ndizo hazijanidanganya.

23 Mei

Dada,

97. Ilikuwa kwenye mlima, nikasimama juu pale dakika sita.

15. Mama aliomba mtandio.

78. Nesi alipima mara mbili kwa sababu hakuamini. Kipimo kimefanyika, wamembadilishia dawa, jana amelalia mito miwili.

Ulisema tatu, lakini nina ya nne. 44170962. Niliisoma kwa sauti Jumapili iliyotangulia safari, nimelala chini ya pikapu, baba mkwe kasimama, naona viatu vyake tu. Nikamwambia ukilifungua daftari la dada yangu utaikuta namba hiyo, kwa sababu injini ni yake na aliyeiunda ni yeye. Kisha akauliza, "Na wewe ni nani basi?" Nikamwambia mimi ni mshona vifungo. Nilipotoka chini alikuwa ameshaingia ndani. Hajaniita mwanangu tangu siku hiyo, na mke wangu anaongea na mimi kupitia watoto.

Ndani ya bahasha kuna ufunguo wa stoo. Mimi ningenyamaza, ningebeba hilo nalo, unifikirie ulivyonifikiria. Lakini Mama aliniambia nimsomee barua zako zote, na nilipofika pale pa kumpapasa shingoni alininyamazisha. Akauvua mwenyewe, akasema nikutumie.

Sikuuiba, Dada. Nilimwomba. Hakuuliza injini yako inakwenda wapi. Aliuliza, ya baba yenu itarudishwa ndani ya gari? Nikasema ndiyo. Akanyanyuka, akaja kufungua kufuli kwa mkono wake.

Nimemuuliza nikuandikie nini. Anasema alitaka kuisikia tena.

Mdogo wako

4 Juni

Mdogo wangu,

Hii usimsomee Mama.

Namba nne nimezipokea. Ya nne nimeilinganisha na daftari, ni sawa mpaka tarakimu ya mwisho. Bado nina hasira na wewe, ila sasa najua mwanzo wake na mwisho wake. Ulitaka kuonekana mtu mbele ya wakwe. Nalikataa, lakini nalielewa.

Ufunguo ndio sijui niuweke wapi. Nilikwenda nao kazini nikausahau mkononi, nikaingia nao ghala namba mbili, ukaganda kwenye ngozi. Nimebanduka kipande kidogo.

Jumapili arobaini na moja. Alikuwa ananiletea chai pale chini ya gari, anaweka kikombe karibu na kichwa changu, anarudi ndani. Angesema neno moja, ningeiacha injini ya Baba mahali pake na kutafuta kompresa ndogo ya kuifaa. Nimepiga hesabu: kazi hiyo ingenichukua Jumapili kumi na mbili, haifiki kumi na tatu. Mwezi wa tatu wote alikuwa anakusikiliza ukimsomea barua zangu za lita na mikanda, akijua. Wewe ulinificha kwa aibu. Yeye sijui nimwambie nini. Agosti nikija nitafikia kwa mjomba.

Kompresa ndogo nimeshaipata, itakuja na mkanda wake wa 89. Fundi afuate karatasi iliyomo.

Na jambo moja la mwisho. AC ikiwaka lazima vioo vifungwe, na vioo vikifungwa injini haisikiki ndani. Kwa hiyo wakati wa kurudi, jua likiwa limepoa na mmeshavuka mlima, izime. Ushushe kioo cha upande wake. Kisizidi sentimita tano, vumbi lisimwingie kifuani.

Utepe unao. Pima.

Dada